Siku mbili Manchester, na pamba ya babu

Nilipoandika kwenye grupu la familia kwamba wikiendi hii naenda Manchester, ndani ya dakika tano nilishapata oda ya jezi tatu na swali moja linalojirudia, utaingia Old Trafford au Etihad? Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu mji wenyewe, na siwalaumu maana kwetu Manchester ni timu, mtoto wa Mwanza anaweza kukutajia kikosi cha 1999 chote bila kujua huo mji uko upande gani wa Uingereza au watu wake walikuwa wanaishi kwa kazi gani. Mimi naishi Reading mwaka wa sita sasa, nafanya uuguzi, na likizo zangu zote zinaishiaga London kwa ndugu au nyumbani kama nauli imeruhusu. Safari hii nikapata Jumamosi na Jumapili zimefuatana bila shifti, na binamu yangu anayesoma Leeds akasema dada njoo tukutane katikati, mimi nitakupeleka uwanjani wewe utanipeleka unakotaka. Nikakubali.

Ninakotaka kulikuwa ni kwenye pamba. Babu yangu mzaa mama alilima pamba Kwimba maisha yake yote, na sisi wajukuu tukienda likizo ya mwezi wa sita tulikuwa tunaikuta imejaa kwenye nyumba hadi darini, tunakaa chini tunachambua, safi huku na fifi kule. Fifi ndiyo ile yenye madoa, iliyoliwa na wadudu au iliyonyeshewa, na bei yake ilikuwa ya kusikitisha. Wanaojua watakumbuka yale maganda makavu yenye ncha kali yanavyochoma pembeni ya kucha, jioni ukishika chumvi unaruka. Babu alikuwa anasema pamba inakwenda Ulaya, basi, Ulaya, kana kwamba Ulaya ni ghala moja kubwa lenye mlango mmoja. Nilipokuja huku nikasoma nikaelewa kwamba kwa miaka mingi huo mlango, au tuseme mkubwa kuliko yote duniani, ulikuwa Manchester. Mji ulikuwa unaitwa Cottonopolis, yaani jiji la pamba, na hapo pembeni mwake hakuna hata shina moja la pamba lililowahi kuota shambani.

Jumamosi asubuhi tulianzia Ancoats, dakika kama kumi kwa miguu kutoka stesheni ya Piccadilly, na manyunyu yalikuwa yameshaanza. Wazee wa viwanda walikuwa wanaipenda hii hewa ya unyevu kwa sababu uzi wa pamba ukikauka unakatika hovyo, ukiwa na unyevu kidogo unasokoteka vizuri, kwa hiyo hiyo mvua ambayo kila mtu anailalamikia ilikuwa sehemu ya mtaji. Ancoats kuna mtaa unaitwa Redhill Street unaopakana na mfereji wa Rochdale, na pale viwanda vimesimama bega kwa bega kama ukuta mmoja, tofali nyekundu, ghorofa sita, saba, nane, madirisha madogo madogo yamepangwa kwa mistari hadi macho yanachoka kuhesabu. Murrays' Mills wameanza kukijenga 1798. Nilisimama nikawaza, 1798, kwetu hata Sayyid Said alikuwa bado hajahamia Unguja, na hapa watu walishafunga injini za mvuke za kusokota uzi usiku na mchana.

Sasa hivi vile viwanda ni apatimenti. Chini kuna migahawa, kuna mkate wa kisasa na kahawa ya bei mbaya, watu wamekaa na mbwa wao. Sina tatizo na hilo, afadhali jengo liishi kuliko lianguke, ila ukiwa unajua humo ndani palikuwa na nini inabidi ukae nalo kidogo. Watoto walifanya kazi mle. Sheria ya 1819 ndiyo iliyokuja kukataza watoto chini ya miaka tisa kwenye viwanda vya pamba, na wale wa kuanzia tisa hadi kumi na sita ikawawekea mwisho wa saa kumi na mbili kwa siku, na hiyo ilihesabika kuwa ni huruma, halafu hata kusimamiwa haikusimamiwa ipasavyo mpaka walipoletwa wakaguzi 1833. Kazi ya wadogo kabisa ilikuwa kutambaa chini ya mashine inayotembea, kuokota vumbi na mabaki ya pamba kabla haijarudi. Nina mtoto wa kaka yangu ana miaka tisa, bado anafungiwa kamba za viatu.

Kutoka Ancoats tukaufuata mfereji kwa miguu ukikatiza mji kwa chini, na hii naishauri kwa kila mtu atakayeenda, usichukue tramu, shuka kando ya maji utembee mpaka Castlefield. Unapita chini ya barabara, chini ya majengo, kuna sehemu giza na inanuka kidogo, kuna malango ya mbao makubwa ya kupandisha na kushusha maji ili mashua zivuke. Chini ya daraja moja binamu yangu akaniita, dada hebu gusa hapa. Kwenye kona ya daraja palikuwa na mikwaruzo mirefu imeingia ndani, unaweka kidole kinazama, michirizi kama sita au saba imelala sambamba. Ni kamba. Mashua zilikuwa zinavutwa na farasi anayetembea kandokando ya mfereji, kamba ikilowa inabeba mchanga, na kila mashua ikipita kamba inasugua palepale, miaka na miaka, mpaka ikala kona ya daraja. Niliona maandishi mengi ya historia wikiendi ile, lakini hiyo mikwaruzo ndiyo niliyopiga picha nyingi kuliko kitu kingine.

Castlefield ndipo mambo yote yanapokutana. Mfereji wa Bridgewater uko hapo, ulianza kazi 1761, mtu mmoja tajiri mwenye cheo cha Duke alikuwa na machimbo ya makaa ya mawe Worsley na usafiri wa mikokoteni ulikuwa unamla faida, akachimbisha mfereji, na bei ya makaa mjini ikashuka karibu nusu. Makaa rahisi, injini rahisi, ndipo viwanda vikafumuka. Juu ya kichwa chako madaraja ya reli yamepishana ya chuma na ya tofali, tramu za njano zinapita juu, mabata wanaogelea chini, na pembeni kabisa kuna mabaki ya ngome ya Warumi. Tulikaa pale tukala mandazi niliyobeba kutoka nyumbani, mvua ikakatika kidogo.

Hatua chache kutoka hapo kuna Makumbusho ya Sayansi na Viwanda, kuingia bure, na yako kwenye eneo la stesheni ya reli ya Liverpool Road iliyofunguliwa 15 Septemba 1830, reli ya kwanza duniani kuunganisha miji miwili kwa treni za mvuke zinazobeba abiria kwa ratiba. Siku hiyohiyo ya ufunguzi mbunge William Huskisson alishuka njiani kusalimiana na mkubwa mwenzake akagongwa na treni nyingine, akafa usiku ule. Na hiyo reli watu wengi hudhani ilijengwa kwa ajili ya abiria, kumbe wenye pesa walikuwa wanafikiria marobota, pamba inashushwa bandarini Liverpool, inatakiwa ifike Manchester haraka.

Ndani ya makumbusho kuna ukumbi wa nguo, na kwa saa maalum wanaziwasha mashine. Jamani. Waliwasha mashine moja ya kufuma, moja tu, na sakafu ikatetemeka hadi kwenye magoti, kile chombo cha kurusha uzi kinapigwa huku kinarudi kule, ta-ka ta-ka ta-ka, huwezi kumsikia mtu aliyekushika bega. Halafu unaambiwa ukumbi mmoja ulikuwa na mamia ya hizo. Wanawake wa viwandani walikuwa na lugha yao ya midomo, wanaongea bila sauti kwa kuifungua midomo sana na kusaidia kwa mikono, mwenzako anakusoma kutoka upande wa pili wa ukumbi, na uzeeni wengi walikuwa viziwi. Hapo nilishtuka kwa sababu mama yangu mdogo alifanya kazi kiwanda kimoja cha nguo Mwanza miaka kama kumi na mbili, na sisi watoto tulikuwa tunamuogopa maana anaongea kwa sauti ya juu hata akiwa anaomba umpe kijiko. Tulidhani ni mkali. Na kweli ukizungumza naye anakuangalia mdomoni, siku zote, macho hayatoki mdomoni. Mimi ni muuguzi, nimepima masikio ya watu wangapi, na sikuwahi kuunganisha. Nilitoka nje ya ule ukumbi nikasimama dirishani kwa muda, binamu yangu akanielewa akaniacha.

Mchana tukapita maktaba ya John Rylands pale Deansgate, nje kama kanisa na ndani pia kama kanisa, mawe, giza tulivu, vioo vya rangi. Ilifunguliwa kwa umma 1900, aliijenga mjane, Enriqueta Rylands, mzaliwa wa Cuba, kwa kumbukumbu ya mume wake aliyekuwa tajiri wa pamba. Wana kipande cha mafunjo cha Injili ya Yohana kidogo kama kadi ya benki, ni kati ya maandishi ya zamani kabisa ya Agano Jipya yaliyobaki duniani. Pazuri sana. Ila kwangu mimi kilichonigusa zaidi kilikuwa Royal Exchange, tulipofika jioni tukiwa tumechoka na viatu vimelowa.

Royal Exchange lilikuwa soko la pamba. Hawakuwa wanaleta marobota pale, walikuwa wanakuja wanaume na kofia zao, maelfu, wanasimama kwenye ukumbi mmoja mkubwa wenye makuba ya vioo juu, na wanauziana kwa maneno, uzi kiasi hiki, kitambaa kiasi hiki, bei hii. Leo katikati ya ukumbi kuna jumba la maonyesho ya tamthilia, limetengenezwa kwa vyuma na vioo, lina pande saba na limening'inizwa kwenye nguzo za jengo, liko hapo tangu 1976. Lakini inua macho. Juu kabisa, chini ya kuba, ubao wa bei bado upo. Biashara ilifungwa 1968 na zile namba za siku ya mwisho wameziacha vilevile hazijaguswa.

Nilikaa kwenye benchi nikaziangalia sijui dakika ngapi. Pamba yetu enzi za Muingereza, na hata baada ya uhuru, bei yake haikuwa inapangwa Kwimba. Watu wa Manchester walianzisha mwaka 1902 chama cha kuhimiza kilimo cha pamba kwenye makoloni kwa sababu walichoka kuitegemea Marekani, na Uganda ndiyo ikawa mfano wao mkubwa, mbegu zinagawiwa, reli kutoka Mombasa ilikuwa imeshafika ziwani Kisumu 1901, marobota yanashuka pwani yanapanda meli. Tanganyika ilivyoingia mikononi mwa Waingereza ikafuata njia hiyohiyo. Babu alikuwa anapeleka magunia yake kwenye mizani ya ushirika na karani anamwambia bei ni hii, na mwaka unaofuata bei ni nyingine, na hakuna anayeweza kumjibu kwa nini. Alikuwa akiuliza. Nakumbuka kabisa alivyokuwa akiuliza, sauti ya chini, kofia mkononi, na karani anasema mzee bei inatoka juu. Sasa mimi mjukuu wake nimekaa kwenye benchi nimeangalia juu, na juu penyewe ni pale.

Binamu yangu akasema twende tukale, tukaenda Wilmslow Road kule Rusholme kwenye ile mitaa ya vyakula vya Kihindi na Kiarabu, tukala biriani ya mbuzi na chai ya maziwa, nikarudiwa na nguvu.

Jumapili ilikuwa zamu yake. Old Trafford nimeiona, ni kubwa na inafurahisha hata kwa mtu asiye shabiki kama mimi, na niliguswa kumuona kijana mzima wa miaka ishirini na nne ameshika ukuta wa nje kama mtu anayegusa kaburi la mzazi. Kitu ambacho hakukijua, na nilifurahi kuwa mimi ndiye niliyemwambia, ni kwamba hii timu ilianza 1878 kama timu ya wafanyakazi wa reli, karakana ya mabehewa kule Newton Heath. Watani wao City walianzia kanisani, St Mark's ya West Gorton, 1880, mtaa wa viwanda ukiwa na vijana wasio na pa kwenda. Na hata kule kucheza mechi Jumamosi mchana kumetoka viwandani, sheria ya 1850 iliwataka waajiri wawafungulie wanawake na vijana saa nane mchana siku ya Jumamosi, taratibu wengine wote wakafuata, na mtu ambaye wiki nzima hajaliona jua akapata mchana mmoja wa kwake. Kwa hiyo ukikaa Buza kwenye kibanda umiza Jumamosi jioni unasubiri mpira uanze, unafuata saa ya kengele ya kiwanda cha Lancashire.

Karibu na uwanja kuna Salford Quays, zamani zilikuwa gati. Manchester haina bahari, lakini walichoka na tozo za Liverpool wakachimba mfereji wa meli kilomita 58, Malkia Victoria akaja kuuzindua Mei 1894, meli za baharini zikawa zinaingia mpaka mjini. Gati zilifungwa 1982 na sasa hivi kuna televisheni, majumba ya sanaa na makumbusho ya vita. Upepo mkali, hatukukaa.

Nilikuwa na sehemu mbili za mwisho ambazo nilizibeba moyoni. Ya kwanza ni All Saints, mtaa wa Cavendish, katikati ya majengo ya chuo kikuu. Hapo ilikuwa Chorlton-on-Medlock Town Hall, leo umebaki uso wake wa mbele tu wenye nguzo, na ukutani kuna kibao chekundu. Oktoba 1945, vita vimeisha miezi michache tu, walikutana ndani ya jengo hilo kwenye Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika (Pan-African Congress), Jomo Kenyatta, Kwame Nkrumah, Hastings Banda, George Padmore, mzee W.E.B. Du Bois akiwa na miaka 77, Amy Ashwood Garvey. Wakatoka na kauli kwamba wanataka uhuru, siyo marekebisho. Mwaka uliofuata Kenyatta akarudi Kenya, na miaka kumi na miwili baada ya kongamano Ghana ikawa huru. Nilisoma kile kibao mara mbili, kifupi mno. Wanafunzi wanapita na baiskeli zao na vikombe vyao. Nilimuomba binamu anipige picha na nilikuwa nimejitanda kanga kichwani kwa sababu ya mvua, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba hata kanga zenyewe, hizi tunazozidai kwa haki kabisa kuwa zetu, kwa miongo mingi zilikuwa zinachapishwa ng'ambo, India, Japani, Uholanzi, na hapahapa Manchester, maneno yanatungwa Mombasa na Unguja, kitambaa kinachapwa na watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Nilipenda sana kumfikiria huyo fundi anavyokagua herufi zake, zimekaa sawa, rangi haijavuja, asijue ameandika mtu anamsuta jirani yake.

Ya pili ni sanamu ya Abraham Lincoln. Ndiyo, yule wa Marekani, amesimama kwenye uwanja mdogo karibu na Deansgate, mrefu, mikono imekunjwa tumboni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza kule 1861, bandari za kusini zikazuiwa na pamba ya watumwa ikaacha kuja, viwanda vya Lancashire vikasimama, watu wakalala njaa kwelikweli. Siyo wote waliokuwa upande mmoja, Liverpool wengi waliwaunga mkono wenye watumwa, lakini tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walikusanyika Free Trade Hall wakamwandikia Lincoln kwamba wako pamoja naye dhidi ya utumwa. Hawana kazi, hawana mkate, na wameandika hivyo. Lincoln akawajibu Januari 1863, maneno ya barua yapo kwenye kitako cha sanamu, anakiita walichofanya kuwa ushujaa ambao haujawahi kupitwa katika zama yoyote wala nchi yoyote.

Nilimsimulia binamu kitu kingine kuhusu vita hivyo. Bibi alikuwa na kitambaa cheupe kigumu cha kutandika, anakiita marekani, na wengi wenu mnakijua. Jina lilitoka kwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliokuwa wanakileta Unguja tangu miaka ya 1830, mpaka bara kwenyewe kilikuwa kinatumika kama pesa. Vita vilevile vilivyowanyima kazi watu wa Lancashire viliwakata mkono na hao wafanyabiashara, kitambaa kikaanza kutoka Uingereza na India, na jina likabaki marekani hadi leo.

Treni ya jioni ikafutwa, ya kwanza na ya pili, ukumbi mzima wa stesheni umeinua vichwa kwenye ubao. Binamu alishapanda basi lake la Leeds. Nikakaa chini nikampigia mama, nikamtumia picha, mikwaruzo ya kamba, kibao chekundu, ubao wa bei. Akanyamaza, namsikia anakuza picha kwa vidole na kuhema. Kisha akauliza, hii ndiyo bei ya pamba? Nikamwambia ndiyo mama, ya siku ya mwisho, 1968. Akasema mwaka huo baba alinunua baiskeli. Halafu akauliza, ilikuwa bei nzuri? Nikasema mama hata sijui kuzisoma hizi namba zao. Akasema basi usiifute hiyo picha, mtumie mjomba wako, yeye ndiye aliyekuwa anakwenda na baba kwenye mizani.